Amplifaya za Ukumbini Sebuleni kwa Wifi

Mume wangu wa kwanza alikuwa mtu wa kuchukua kitu kikubwa na kukiweka mahali padogo. Sisemi hivi kwa uchungu. Uchungu uliniisha zamani. Nasema kwa dharau, na dharau mpaka leo sijaimaliza.

Siku zile kisiwa nilikozaliwa, Nzuwani, kilikuwa kimeshatangaza kujitenga na visiwa vingine vya Komoro. Simu kati ya Moroni, mji mkuu, na Mutsamudu kwetu zilikatwa, meli zikawa za kubahatisha, watu wakahangaika na mchele na mafuta ya taa. Yeye akahangaika na sinema. Eti sinema ya nyumbani! Aliiona Marseille kwa rafiki yake: sebule yenye spika kila pembe, risasi za filamu zinapita nyuma ya kisogo chako mpaka unainama. Akarudi kichwa kimemvimba, hana lingine la kuzungumza.

Angalau angetafuta mashine za nyumbani. Thubutu! Rafikiye alikuwa akifanya kazi kwenye ukumbi wa dansi uliokuwa umefungwa, akamtumia melini amplifaya mbili za ukumbini. Chuma tupu, nzito kama magunia ya mchele, zina mishikio mbele kwa sababu hubebwa na wanaume wawili. Kila moja ina feni nyuma ya kuipoza. Kila moja inaendesha spika mbili, na kila spika ina kidude chake cha kuzungusha sauti. Ndani ya sanduku hilohilo mlikuwa na mikisa ndogo ya kuchanganyia sauti na maiki. Filamu inataka maiki ya nini, mimi sijui, lakini alivipanga vyote mezani kama mahari.

Na sebule yenyewe je? Hatua sita kwa nne, ghorofani, Badjanani, mtaa wa kale wa Moroni, katikati ya vichochoro ambamo ukinyoosha mikono unagusa nyumba mbili. Wala haikuwa yake. Kwetu nyumba ni ya mwanamke, na ile ilikuwa ya dada yake mkubwa, wifi yangu, aliyeipata kwa mama yao. Sisi tulikaa kwa hisani. Nyumba yangu mimi, aliyonijengea baba, ilikuwa Mutsamudu, na mwanamume mwenye adabu zake huhamia kwa mkewe. Yeye alisema ukarani wake wizarani haumruhusu kuvuka bahari. Nikamfuata mimi. Upumbavu wangu huo naukiri mapema, nisije nikaonekana najisafisha.

Sasa, kilichokuwa kinaniwasha ni kwamba mashine zile nilizijua. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa sauti wa kikundi cha tarabu. Harusi ya Mutsamudu, harusi ya Mirontsy, yeye ndiye aliyefunga spika uwanjani, na mimi ndiye niliyemshikia waya tangu nina miaka tisa. Alinifundisha kwamba amplifaya huwashwa mwisho na kuzimwa mwanzo, usije ukapasua spika. Alinifundisha kuufuata waya kwa miguu yangu, toka mwanzo hadi mwisho, kabla sijagusa umeme. Lakini nilipofungua mdomo, bwana yule akanyoosha kiganja: "Haya mambo ya wanaume, we niletee chai."

Nikaleta chai. Nikakaa kizingitini nikatazama kichekesho.

Kwanza mashine hazikumsikia. Deki ya video hutoa sauti nyonge, na amplifaya ya ukumbini imezoea sauti ya nguvu inayotoka kwa wanamuziki. Basi akazungusha kila kidude mpaka mwisho, na sebule ikajaa "shhhhh" ya vitumbua vinavyokaangwa. Juu ya hiyo ukaja mvumo mzito, "mmmm," kama nyuki wamejenga ukutani. Akaja karani mwenzake, akasema ni umeme wa Moroni. Akaja mwingine, akasema ni unyevu wa bahari. Walipotoka kuvuta sigara nikachomoa waya wa antena ya televisheni, mvumo ukakatika palepale. Aliporudi akatabasamu akasema, "Unaona? Imejirekebisha." Imejirekebisha! Wallahi nilitamani kuurudishia.

Filamu zenyewe tulizitazama kama viziwi. Watu wakizungumza, feni mbili zinanguruma, husikii kitu. Unaona midomo inafunguka na kufungika. Bomu likilipuka, vikombe vya wifi vinaruka kabatini. Na kila akimaliza alizima deki kwanza, amplifaya baadaye, ikipiga DUM! moja ya kukata pumzi. Wiki ya pili vispika viwili vya sauti nyembamba vilikuwa vimeshaungua. Akasema Wazungu siku hizi wanatengeneza vitu vibovu.

Amplifaya mbili, spika nne. Tatu alizipanga sebuleni. Na ya nne? Hapo ndipo nilipomjua mume wangu vizuri. Alitafuta spika ya pembe, ile kama ya mnara wa msikiti, akaifunga juu ya dari, mdomo wake ukaelekea bangweni.

Bangwe ni uwanja wa mji wenye mabaraza ya mawe, ambapo wanaume wa Ngazija, kisiwa cha Moroni, hukaa na kuamua kila jambo. Lakini si kila mwanamume anasema pale. Mpaka uwe umefanya harusi kubwa, ile ya kulisha mji na kuoa kwa ngoma za siku nyingi, wewe bangweni ni mtoto hata ukiwa na mvi. Unakaa pembeni, wenzako wanazungumza, wewe unaitikia. Mume wangu alikuwa na miaka arubaini na mbili na hiyo harusi hakuwa nayo. Mimi nilikuwa mke wa ndoa ndogo, Mnzuwani tena. Basi kwa kuwa hakuweza kufungua mdomo bangweni, akawafungulia filamu, wajue kwamba kwake kuna sinema. Wazee wanacheza domino, mara farasi na bastola juu ya vichwa vyao.

Wifi ndiye aliyemkataza. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema, "Ondoa hilo pembe juu ya dari yangu, mimi sina msikiti." Yeye, simba wangu, akajibu, "Ndiyo dada." Kesho yake akasema ameshakata waya wa pembe.

Wakati huo mimi nilikuwa na moja tu moyoni: mama yangu. Alikuwa peke yake Mutsamudu, na habari zilizokuja hazikuwa nzuri. Simu hakuna, kwa hiyo tulizungumza kwa kanda. Mimi narekodi upande mmoja, nampa mfanyabiashara anayepitia Mahore, kisiwa cha jirani, baada ya wiki tatu nne kanda inarudi na sauti ya mama. Nilimwomba aje Moroni. Alikataa. Alisema, na hakukosea, kwamba Moroni siku hizi watu wa Nzuwani wanatazamwa kwa jicho baya. Mimi mwenyewe muuza samaki alikuwa ameanza kunihudumia wa mwisho. Nikamwomba mume wangu anipe neno la kumtia moyo mama. Tulikuwa chumbani, madirisha yamefungwa, akasema kwa ukarimu mkubwa, "Mwambie mlango wangu uko wazi." Mlango wake! Mlango wa dada yake. Lakini nilishukuru, nikalirekodi neno hilo, nikalituma.

Jibu lilikuja siku ya Alhamisi baada ya sala ya alasiri. Redio yangu ndogo ya kaseti haikuwa na waya. Bwana alikuwa ameukata akaunganishia maajabu yake. Yeye alikuwa bangweni, wifi jikoni chini. Nikaitia kanda kwenye deki ya kaseti aliyoiunganisha na sinema yake, nikawasha amplifaya mwisho kama nilivyofundishwa. Mama alikuwa amerekodi na betri zinazokufa. Feni zinanguruma, sauti yake inatokea mbali. Nikapandisha mikisa, nikazungusha na vidude vyote vya amplifaya mpaka mwisho.

"Mwanangu," mama akasema, "kanda yako nimeisikiliza mara tatu, na mara tatu nimecheka mpaka nikashika mbavu. Kwa hiyo wifi yako anahesabu vipande vya samaki kabla hajafunika sufuria? Na huyo mumeo, uliyesema bangweni hapewi nafasi hata ya kukohoa, ndiyo sababu akirudi nyumbani anakohoa kwa niaba ya mji mzima?"

Nilicheka kwa sauti. Mama yangu ana ulimi, acha tu.

"Haya, tumecheka. Sasa nisikilize. Huku bunduki zinalia mchana kweupe. Juzi risasi imetoboa tangi la maji la jirani. Nilisema siji. Lakini mtu anayesema mlango wangu uko wazi, siku kama hizi, mtu huyo nimemsamehe kukohoa kwake kote. Mwambie namshukuru mbele ya Mungu. Nakuja na chombo cha kwanza kitakachopatikana. Niwekeeni godoro, kitanda sitaki."

Nikalia pale chini mbele ya amplifaya, kwa furaha, mama anakuja. Kisha nikahisi kuna kitu kimepungua. Nje palikuwa kimya. Saa ile domino hugongwa mpaka masikio yaume, na hapakuwa na domino. Halafu mtu mmoja akacheka. Halafu bangwe zima.

Hakuwa amekata waya. Aliuacha ulivyo, akapunguza tu kidude cha pembe, akamdanganya dada yake. Na mimi, binti wa fundi, niliyefundishwa kuufuata waya kwa miguu yangu, nilikaa nikazungusha sauti kama yeye tu. Mji wote ulikuwa umemsikia mama. Kingazija na Kinzuwani si lugha moja, mtu wa huku na mtu wa kule huulizana maneno, lakini siku ile hakuna aliyehitaji kuuliza.

Alipanda ngazi mbio. Unafikiri alipiga kelele? Alifunga madirisha kwanza, moja baada ya jingine, ndipo akaninong'oneza mishipa ya shingo imemsimama: "Umenivua nguo. Mama yako hakanyagi hapa. Hakanyagi!"

Simu hakuna. Mama angekuwa ameshafunga mizigo, na nisingeweza kumwambia asije.

Kilichotuokoa hakikuwa huruma yake. Jioni hiyohiyo mlango ukagongwa, akaingia mzee mmoja wa mji, mtu aliyekamilisha harusi yake kubwa miaka mingi, ambaye bangweni akisafisha koo wengine wananyamaza. Alikaa, akakataa chai, akasema, "Mwanangu, tumesikia. Kumpokea mama mkwe siku kama hizi ni heshima kwa mji. Tumefurahi nawe." Basi. Neno likishafika bangweni, halirudi chumbani. Mume wangu akainama, akawa anaitikia, "Ndiyo baba, ndiyo baba." Kabla ya chakula alikuwa ananieleza kwamba yeye ndiye aliyekuwa na wazo hilo tangu mwanzo, na pembe ikabaki palepale juu ya dari.

Wifi alininunia siku tatu. Siku ya nne aliniwekea mbele yangu samaki mzima, mkubwa, na kichwa chake, akasema, "Haya, hesabu." Tangu hapo nilimpenda.

Mama akafika, amejifunga shiromani yake nyekundu kama ilivyo desturi ya wanawake wa kwetu, na kifurushi cha karafuu mbichi. Alizitazama amplifaya kwa muda. "Za baba yako zilikuwa na kazi," akasema. Asubuhi yake nikamkuta ameweka sinia ya karafuu nyuma ya mashine, kwenye ule upepo wa moto wa feni, zinakauka vizuri kabisa. Bwana alipandisha nyusi, akasema ile ni mitambo ya kitaalamu. Mama akamjibu, "Ndiyo, baba, naona." Kwa wiki kadhaa tuliishi hivyo, mama sebuleni na karafuu zake, filamu zikiwa na harufu ya pilau, na mume wangu akipita vichochoroni kifua mbele kwa sababu watu walimpongeza kwa wema wake.

Halafu mambo yakachacha. Mazungumzo ya wakubwa yalivunjika, na Moroni ikapandwa na hasira isiyojua pa kutua. Asubuhi moja vijana wakaanza kupita vichochoroni wakigonga milango, wakiwaambia watu wa Nzuwani watoke warudi kwao. Wazee walijifungia ndani. Wifi alikuwa amekwenda Vouvouni msibani tangu alfajiri. Tulikuwa watatu: mama anachambua mchele, mimi, na yeye.

Tuliwasikia wakija mlango kwa mlango. Nikamwambia, "Shuka ukasimame mlangoni. Waambie huyu ni mama mkwe wako, mji unajua, mzee alisema mbele ya watu. Neno moja tu." Baadhi ya vijana wale walikuwa watoto wa jirani, alikuwa akiwapa peremende wakiwa wadogo. Akasema, "Ngoja, ngoja." Akatazama mlango, akatazama dirisha. Kisha, jamani, akaenda kwenye mashine zake.

Akaiwasha mikisa, akawasha amplifaya mwisho, kwa mpango, sawasawa. Akachuchumaa nyuma ya pazia na ile maiki.

"Ndugu zangu wa mji," akasema, na juu ya dari ile pembe ikanguruma. "Humu ndani hamna Mnzuwani. Yule mke nimemwacha. Nimemwacha, na mama yake hayupo."

Sauti ilitoka safi. Hakuna mvumo, hakuna "shhh." Miaka arubaini na mbili alikuwa hajawahi kusema bangweni, na siku aliyosema, akasema hilo.

Vijana wakapita. Tuliwasikia wakigonga mlango wa mbele zaidi. Yeye akageuka, jasho linamtiririka, anatabasamu. "Nimewaokoa," akasema.

Mama hakuacha kuchambua mchele. "Umesema umemwacha?"

"Maneno tu, mama. Ya kuwaondoa."

"Talaka haina maneno tu, hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua hilo." Akaweka ungo chini, akajifuta mikono. "Na umesema mimi sipo. Umewaambia watu wote hatumo humu ndani. Basi tutoke, tusije tukakufanya mwongo."

Nilimtazama mwanamume yule. Nilitegemea nimchukie, nikakuta hata chuki haipo. Nilimdharau tu, kuanzia unywele mpaka kandambili. Nikaenda kufunga nguo zangu.

Wifi alirudi adhuhuri, habari amezipata njiani. Alimtazama mdogo wake mara moja tu. Alichukua kifurushi cha mama akajitwika kichwani mwake mwenyewe, akamshika mama mkono. "Nitawafikisha bandarini mimi," akasema. "Anayetaka kuwagusa aanze na mwenye nyumba." Wakatangulia ngazini.

Yeye akanifuata mpaka mlango wa chini. Vijana walikuwa wameshapita, na wanaume wameanza kutoka tena, wamekaa kwenye mabaraza ya bangwe. Alichungulia kushoto, akachungulia kulia, akaniinamia sikioni.

"Nimekurejea," akanong'ona. "Umesikia? Nimekurejea. Usiondoke."

Kwa sheria ya dini huenda ilitosha kunirudisha kuwa mkewe. Mimi haikunitosha.

"Panda juu," nikamwambia, na sikupunguza sauti. "Washa mashine zako, na hilo nalo uliseme kwenye maiki."

Akatazama upande wa bangwe. Wale wanaume walikuwa wanatuangalia. Akarudi ndani, akasukuma mlango taratibu, akaushika kwa mikono miwili ili usitoe mlio.